Nilimnunulia Mume Wangu Mashine ya Presha, Ikanikamata Mimi

Naomba nianze kwa kukiri. Siku ile sikuwa nafua suruali ya mume wangu, nilikuwa naipekua. Alikuwa amerudi Ijumaa kutoka Handeni anakofanya kazi, mpole kupita kawaida yake, na sisi wanawake tunajua upole wa ghafla maana yake nini. Nikatia mkono mfuko wa nyuma nikitarajia kukuta namba ya simu ya mtu. Namba niliikuta kweli, ila haikuwa ya simu. Ilikuwa 152/96.

Kilikuwa kikaratasi cha upimaji wa afya uliofanyika kazini kwao. Chini mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: arudie kupima. Tarehe yake ilikuwa ya wiki tatu nyuma.

Bora ningekuta ya mwanamke, jamani, ningejua pa kuanzia. Baba mkwe wangu alikufa kwa kiharusi akiwa na miaka 54. Aliamka alfajiri kwenda kuswali, akaanguka mlangoni. Mume wangu ana miaka 41, anakula kama baba yake, anakasirika kama baba yake, na sasa alikuwa anaficha karatasi mfukoni.

Nilipomwonyesha alisema eti alipimwa akiwa ametoka kupanda ngazi. Ofisi yao haina ghorofa.

Niwaeleze kidogo maisha yetu. Sisi ni wanandoa wa Ijumaa. Mimi nafanya kazi Korogwe, tunaishi Manundu na watoto wawili. Yeye kazi yake iko Handeni, kilomita kama 65 za lami, kwa hiyo katikati ya wiki analala kwa mama yake kule Chanika. Ndoa ya namna hii inaendeshwa kwa simu, na kwenye simu kila mtu ni mzima. "Umeamkaje?" "Salama." Basi, imetoka hiyo. Nikaona dawa ya huyu bwana ni mashine. Namba haibishiwi.

Sasa sikilizeni nilivyonunua, msije mkafanya kama mimi. Nilikwenda kwa kijana mmoja anayeuza chaja na kava za simu. Alikuwa na kimashine kizuri cha kufunga kwenye kifundo cha mkono kama saa, kina rangi ya dhahabu, kina sauti ya dada inayosoma namba kwa Kichina. Elfu thelathini na tano. Sikuuliza kitu kingine zaidi ya kama ana rangi nyingine.

Ijumaa ile mume wangu ameshuka kwenye basi, ana jasho, hata maji hajanywa, nikamfunga. Mkono wake kaulaza mapajani, mdomo wake unabisha. 168 kwa 104! Nikapiga kelele. Nikampima tena, 147. Mara ya tatu, 129. Akanitazama, akasema, "Mama watoto, hii si mashine ya presha, hii ni bahati nasibu." Akacheka mpaka watoto wakaja. Kikaingia kwenye droo, na hoja yangu ikaingia nayo.

Kilikaa humo miezi miwili, mpaka wikiendi moja tulipokwenda wote Handeni. Mama mkwe wangu ni nesi mstaafu, na nilikibeba kile kimashine kwenye pochi nikijua yeye atanitetea. Alikigeuzageuza, akakiweka mezani. "Mwanangu, ndiyo mmekuwa mnamtesa mtoto wangu kwa kijisaa hiki?"

Halafu akatufundisha, pale pale barazani. Kwanza, mashine zinazofungwa juu ya kiwiko ndizo za kuaminika zaidi nyumbani. Za kifundo cha mkono zinadanganyika kirahisi kwa sababu ya mahali mkono ulipo. Mshipa ukiwa chini ya usawa wa moyo, uzito wa damu yenyewe unaongeza namba. Kila sentimita 10 chini ya moyo ni kama pointi 7 au 8. Mume wangu aliulaza mkono mapajani, kwa hiyo ziada niliitengeneza mimi mwenyewe.

Pili, akasema, mashine hizi za betri hazisikilizi mshipa kama anavyofanya daktari kwa kipimo cha masikioni. Zenyewe zinahisi mtikisiko wa mshipa ndani ya mkanda wakati hewa inatoka. Ukiongea, ukijitikisa, ukikunja ngumi, unazichanganya. "Na mtu aliyetoka kwenye basi humpimi. Mpe maji, mwache akae." Dakika tano akae kimya, mgongo umeegemea kiti, miguu yote miwili sakafuni bila kupandanisha, kibofu kitupu, mkono wazi bila shati, umelala mezani usawa wa moyo. Nusu saa kabla yake hakuna kahawa, hakuna sigara, hakuna kukimbia.

Kisha akachukua futi yake ya cherehani. Akapima mkono wa mwanawe katikati ya bega na kiwiko: sentimita 29. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu, akanipima wangu. 36. "Haya, mkanda wa kawaida ni wa 22 mpaka 32. Huyu utamfaa. Wewe hautakutosha, wewe unataka mkubwa."

Wanawake wenzangu, kuambiwa na mama mkwe, mbele ya mume, kwamba mkono wako hauenei kwenye mkanda! Nilitabasamu kwa meno tu. Baadaye ndipo nilijisomea nikaona mama hakuwa na nia mbaya. Mtaliano Scipione Riva-Rocci alipotengeneza mkanda wake wa kupimia mwaka 1896 aliufanya mwembamba, na mwaka 1901 Mjerumani Heinrich von Recklinghausen akaonyesha kwamba wembamba ule ulikuwa unapandisha namba. Utafiti mmoja uliotoka Marekani mwaka 2023 ukakuta kwamba watu wanaohitaji mkanda mkubwa wakipimwa kwa wa kawaida, namba ya juu inazidi kwa wastani wa karibu pointi 5. Wanaohitaji ule mkubwa kabisa inazidi karibu 20. Mtu anaweza kuanzishiwa dawa kwa kosa la kitambaa.

Nikanunua mashine ya pili, safari hii kwa akili. Kuna orodha inaitwa STRIDE BP, iko bure kwenye intaneti, ya wataalamu wa kimataifa wanaoonyesha ni mashine zipi zimepita majaribio ya usahihi. Unatafuta jina pamoja na namba ya modeli, kwa sababu kinachopimwa ni modeli, si nembo. Kampuni kama Omron ya Japani ina modeli nyingi, za juu ya kiwiko na za kifundo, kwa hiyo jina kubwa kwenye boksi si jibu. Nilienda duka la dawa, nikaomba kuona boksi, nikasoma vipimo vya mkanda, nikaomba iwashwe. Yangu ina kumbukumbu, inatumia betri nne ndogo na pia inakubali waya wa umeme. Bluututhi sikuitaka. Hapo ndipo bei inapopanda, na daftari la shule la shilingi mia kadhaa linafanya kazi hiyo hiyo.

Mkanda wake ulikuwa wa 22 mpaka 32. Niliuona. Nikajisemea mashine si yangu, ni ya mgonjwa.

Mgonjwa alikubali, na mimi naamini ni kwa sababu mama yake ndiye aliyesema. Alichukua likizo ya wiki moja tukapima kama inavyotakiwa: asubuhi mara mbili kabla ya chai, jioni mara mbili kabla ya chakula, dakika moja kati ya kipimo na kipimo, siku saba. Siku ya kwanza unaitupa, maana moyo bado una wasiwasi na mashine, zinazobaki unatafuta wastani. Nyumbani mstari ni 135/85, sio 140/90 ya hospitali, kwa kuwa nyumbani mtu ametulia zaidi. Wastani wake ulikuja 131/82. Si wa kushangilia kwa mtu mwenye baba kama yule, na alienda nao kwa daktari, ila haikuwa ile 168 niliyomtangazia mtaa mzima. Kuna watu presha yao hupanda wakiona koti jeupe tu. Wapo pia wa kinyume chake, hospitali safi, nyumbani juu, na hao ndio wa hatari zaidi kwa kuwa hakuna anayewashtukia.

Sasa ndipo linapokuja la kwangu. Siku ya pili ya wiki ile nilikuwa namwelekeza jinsi ya kufunga mkanda, nikaufunga kwangu kama mfano. 158/99. Nikaufungua haraka. "Si mama alisema haunitoshi?" Na kweli alisema! Kesho yake nikajipima kwa siri bafuni, 152. Mkanda. Keshokutwa yake, 151. Mkanda huo. Mimi niliyempekua mtu suruali kwa ajili ya 152 nilikuwa na 152 yangu, na nilikuwa nayo sababu nzuri kuliko ngazi za ofisi isiyo na ghorofa.

Wiki tatu nilijificha nyuma ya kile kitambaa. Mume wangu hakusema kitu, lakini mashine ina kumbukumbu, na mwanaume anajua kubonyeza kitufe. Ijumaa moja alifika na mfuko mdogo mweusi. Alikuwa amepitia Tanga mjini kikazi. Ndani kulikuwa na mkanda wa kampuni ile ile, wa modeli ile ile, 22 mpaka 42. Aliuweka mezani kama mtu anavyoweka zawadi ambayo hana hakika nayo, akaenda kuoga.

Nikaanza wiki yangu ya siku saba. Wastani: 146/92. Pointi kama tano kwa sita zilikuwa za mkanda. Zilizobaki zote zilikuwa zangu.

Nilikwenda Magunga na daftari. Daktari alilisoma lote, tarehe kwa tarehe, akanipima mwenyewe mikono yote miwili, akaniambia mara moja kwa mwaka niwe nakuja na mashine tuilinganishe na ya kwao. Akaniandikia vipimo vya mkojo na damu. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Kuna dawa yoyote unatumia?" Nikasema hapana. Akasubiri. Nikasema hapana, labda vidonge tu vya uzazi wa mpango.

Vidonge vile vyenye homoni mbili, akasema, kwa baadhi ya wanawake hupandisha presha, na mwenye presha iliyopanda hashauriwi kuendelea navyo. Niviache. Nirudi baada ya wiki nne na daftari, tuone zimebaki ngapi na kama nahitaji dawa ya presha. Njia nyingine zipo, kitanzi kisicho na homoni kwa mfano, hakigusi presha. Mpaka tuchague, tutumie kondomu. Nikiona 180/120 huku kifua kinauma, pumzi inakata, au mkono unalegea, nisingoje kupima tena, nije mbio.

Nilitoka pale miguu haina nguvu, na si kwa sababu ya presha. Mume wangu alikuwa anataka mtoto wa tatu tangu mwaka juzi. Kila mwezi alikuwa ananiuliza, kwa upole, na kila mwezi nilikuwa nasema labda Mungu hajapenda. Vidonge nilikuwa naviweka kwenye kopo la unga wa mandazi. Sikuwa tayari kwa mtoto mwingine na baba yake yuko kilomita 65, ila sikuwa nimewahi kulisema hilo kwa mdomo wangu. Sasa niambieni, unamwambiaje mume kondomu bila kueleza mengine yote?

Jumamosi asubuhi tulikaa mezani kama kawaida, kabla ya chai. Watoto bado wamelala. Yeye ameshapima, 128/80, ameandika. Mimi nimefunga mkanda mkubwa, mkono mezani, miguu sakafuni, tunahesabu zile dakika tano za kimya. Ya tatu ilipopita nikashindwa. Nikamwambia yote, kopo la unga, miaka miwili, nilivyoogopa, daktari alivyosema. Nilikuwa naangalia kioo cha mashine, sikumwangalia yeye.

Alinyamaza muda mrefu. Nikaona bora hata namba kuliko kile kimya, nikapeleka kidole kwenye kitufe. Akanishika mkono.

"Usipime sasa," akasema. "Umeongea. Anza tena dakika tano."