Fedha za Mlima

Barua kutoka Leeds

Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti ulinikuta zamu ya usiku, nikausikiliza asubuhi ndani ya basi. Nimefurahi kusikia kwamba alizeti mwaka huu imewalipa na kwamba mguu wa bibi umepata nafuu. Swali lako nalo nimelisikia, na nakushukuru kwa kuliuliza wazi: fedha za mlima zitafika lini? Picha yangu nikiwa kileleni ilizunguka katika kundi la ukoo mpaka ikamfikia mwenyekiti wa kitongoji, na chini yake yaliandikwa maneno kwamba napanda mlima kwa ajili ya maji. Basi wazee wamekuuliza, na akina mama wamekuuliza wakirudi korongoni na ndoo zao. Nimeona nikujibu hapa gazetini, kwa kuwa vijiji vyenye mtoto ughaibuni ni vingi, na picha za namna hiyo zinatumwa kila wiki.

Fedha hizo, Mjomba, haziji kijijini kwetu. Naomba unisikilize kwanza kabla hujawapelekea wazee jibu hilo.

Huku Uingereza, mtu anayetaka kuchangisha kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, yatima au maji hutangaza kwamba atafanya jambo gumu la mwili. Atakimbia marathoni, ataogelea kuvuka ziwa, au atapanda mlima. Jamaa zake na wafanyakazi wenzake humdhamini, huyu pauni 5, yule pauni 20. Ukurasa wa michango hufunguliwa kwenye intaneti, na majina na viwango vikaonekana na kila mtu, mithili ya daftari la kamati ya harusi. Mpandaji mwenyewe hagusi hata senti. Fedha huingia moja kwa moja katika shirika la hisani lililosajiliwa, na serikali huongeza sehemu yake: kwa kila pauni 10 anazotoa mlipa kodi, shirika hurudishiwa na hazina pauni 2.50 za kodi aliyokwisha kuilipa. Utaratibu huo unaitwa Gift Aid, ulianza mwaka 1990, na sheria yake inayahusu mashirika tu. Mpwa wa mtu hawezi kuzichukua fedha hizo akazituma kwa mjomba wake, hata kama mjomba huyo ni mwaminifu kama wewe.

Wenzangu wa wodini walichagua shirika la WaterAid, na mimi niliwaunga mkono kwa moyo wote. Lilianzishwa mwaka 1981 na watu wa mashirika ya maji ya huku, watu ambao kazi yao ilikuwa kufikisha maji kwenye mabomba ya Waingereza, wakaona wanao wajibu kwa wasio na bomba. Tanzania lilifika mwaka 1983, na mkoa wetu wa Singida ni miongoni mwa mikoa ambamo limefanya kazi, pamoja na Dodoma na Tabora. Fedha tulizochanga zimeingia katika mfuko wake mkuu, na shirika ndilo linaloamua ziende wapi. Huenda zikachimba kisima Malawi au Nepal. Huko nako kuna akina mama.

Sasa mlima wenyewe. Ni mitatu, yote ya Yorkshire, mkoa ninaoishi: Pen-y-ghent wenye mita 694, Whernside mita 736 na Ingleborough mita 723. Najua utakachosema ukizisikia hesabu hizo. Mji wetu wa Singida uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote katika nchi hii, una mita 1,345. Mama anayeuza vitunguu sokoni Singida amekaa juu kuliko kilele cha Waingereza. Na Hanang tunaouona kwetu anga ikitakata unapita mita 3,400. Lakini ugumu wa shughuli hii hauko katika urefu wa mlima. Unatakiwa uitembee yote mitatu kwa siku moja, kilomita zipatazo 39, kupanda na kushuka, na urudi ulikoanzia kabla saa 12 hazijapita.

Tulianzia kijiji cha Horton alfajiri. Karibu na kilele cha Pen-y-ghent njia hugeuka kuwa mawe matupu, na mikono inafanya kazi pamoja na miguu. Hapo niliwatangulia wenzangu wote. Mtoto aliyekulia kwenye majabali ya Singida, aliyeanika mtama juu yake na kucheza kombolela katikati yake, hafundishwi mahali pa kuweka unyayo. Baada ya hapo ni mwendo mrefu hadi Ribblehead, penye daraja la reli la matao 24 lililojengwa miaka ya 1870, kazi ya mikono ya vibarua walioishi kambini hapohapo kwenye baridi, na wengi wao wakafa. Whernside tuliupanda ndani ya ukungu, kila mmoja akimfuata wa mbele kwa rangi ya koti lake. Ingleborough ulikuwa wa mwisho na ndio ulionitesa, kwa sababu unauanza magoti yakiwa yamekwisha kuchoka. Tulipopumzika kabla ya kuupanda, muuguzi mwenzangu aliniuliza Singida ni mahali gani hasa. Nikamwambia ndiko anakotoka Alphonce Simbu. Mwenzangu huyo alikuwa ameziona mbio zile za Tokyo, Septemba 2025, Simbu alipomshinda Mjerumani kwa sehemu 3 za mia za sekunde baada ya kilomita 42, akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu ya ubingwa wa dunia wa riadha. Tangu siku hiyo hakuna wodini asiyeijua Singida, na nilijisikia fahari ambayo siwezi kukueleza.

Ila kilichonikaa moyoni siku ile ni maji. Milima ya huku inavuja. Udongo wake mweusi wa juu hunyonya mvua mwaka mzima, na njia wameitandika mawe bapa ili watu wasizame. Tulivuka vijito kushoto na kulia, maji safi yanayokwenda zake bila mtu kuyangoja. Nikawakumbuka mama na dada zangu mwezi wa kumi, wamechimba mchanga wa korongo kwa sahani, wamekaa pembeni ya shimo wakisubiri maji yapande kidogo wajaze kibuyu, na nyuma yao foleni ya punda. Nilitamani wenzangu wangeliona shimo lile walau mara moja, wajue pauni zao 5 zinazungumza na nani.

Usidhani mtindo huu ni wa ugenini peke yake. Mgodi wa dhahabu wa Geita, kwa kushirikiana na Tume ya Taifa ya Kudhibiti UKIMWI, umekuwa ukiendesha Kili Challenge tangu mwaka 2002: watu hupanda Kilimanjaro au huuzunguka kwa baiskeli, na fedha hupelekwa kwenye mapambano dhidi ya Virusi vya UKIMWI. Na Machi 2009 wasanii na watangazaji tisa mashuhuri, Gary Barlow na Cheryl Cole wakiwamo, walifika kilele cha Uhuru kwa ajili ya Comic Relief, na Waingereza wakachanga zaidi ya pauni milioni 3 za kupambana na malaria Afrika. Vyandarua vinavyonunuliwa kwa fedha za namna hiyo vimeokoa watoto, nami nikiwa muuguzi siwezi kuidharau kazi hiyo.

Hata hivyo nina msimamo wangu, na nimewaambia wenzangu. Mtu akitaka kupanda Kilimanjaro kwa ajili ya hisani, tiketi ya ndege, ada ya hifadhi na malipo ya waongozaji ayatoe mfukoni mwake, na kila shilingi ya wachangiaji iende ilikoahidiwa. Zipo safari ambazo sehemu ya michango ndiyo inayomlipia mpandaji, na mchangiaji ana haki ya kuuliza kabla hajatoa. Aulize pia kuhusu wapagazi. Pale kwenye geti la hifadhi mzigo wa mpagazi hupimwa kwa mizani, usizidi kilo 20, na sheria hiyo imepiganiwa. Ndoo ya lita 20 ya mama wa Singida ina uzito huohuo, nayo hupanda kichwani kila siku bila mizani wala mdhamini.

Sasa nije kwenye pampu ya maji ya kijijini kwetu, kwa sababu najua hilo ndilo lililo nyuma ya swali lako.

Naikumbuka siku ilipofunguliwa. Nilikuwa shule ya msingi, tukaimba, utepe ukakatwa, wafadhili wakapiga picha, wakaondoka na vumbi lao. Maji yalitoka, tena matamu. Wewe ulikuwa mweka hazina wa kamati ya maji, na nakumbuka daftari lako na kopo la sarafu. Kisha raba za ndani zikalika. Ukaenda Singida mjini kutafuta kipuri, hukukipata. Ukaambiwa Dodoma, na nauli ya Dodoma ilikuwa kubwa kuliko mfuko wote wa maji. Fito zikang'olewa, na baada ya muda pampu ikawa mahali pa kufungia mbuzi. Wewe hukuwa na kosa lolote hapo, Mjomba, na nataka wanaosoma barua hii wajue hivyo. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema wananchi wa vijijini wagharimie wenyewe uendeshaji na matengenezo ya miradi yao, na kila kituo kihudumie watu 250 wasiotembea zaidi ya mita 400. Haikuweka duka la vipuri mahali ambapo mweka hazina mwenye baiskeli angeweza kufika.

Wala hatukuwa peke yetu. Mwaka 2009 WaterAid Tanzania yenyewe ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba karibu nusu ya vituo vya maji vilivyojengwa vijijini havikuwa vikitoa maji, na robo ya vituo vilikufa ndani ya miaka miwili tu ya kuzinduliwa. Naliheshimu shirika lililokubali kuuweka hadharani ukweli huo. Tangu Julai 2019 tunayo RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, yenye wahandisi hadi wilayani, na kamati za zamani zimegeuzwa kuwa vyombo vya watumia maji vilivyosajiliwa, vyenye akaunti benki na wahasibu. Ni hatua kubwa. Lakini fedha za mlima bado zina tabia ileile: zinapenda kuchimba, hazipendi kutengeneza. Picha ya maji yanayoruka kwa mara ya kwanza humfanya mtu wa Leeds atoe pauni 20 papo hapo. Raba ya pampu, kitu cha kushika kiganjani, haimsisimui, ingawa ndiyo inayoamua kama mtoto atakunywa maji safi mwaka wa tano.

Kwa hiyo nimelisema hilo wodini, kwa maneno haya haya. Mwakani tunapanda tena, na nimeomba ukurasa wetu wa michango useme wazi kwamba tunataka fedha za matengenezo: vipuri, mafunzo ya mafundi, nauli ya fundi kufika kijijini. Wengine waliguna kwamba haitavutia. Daktari mmoja mzee akasema yeye atadhamini safari hiyo, kwa sababu hospitali nayo haijengwi kisha ikaachwa bila dawa. Kwa maneno yake wengine wawili wakakubali. Nitaendelea kuwashawishi.

Na kwetu je? Sisi watu wa Singida tulioko huku, Wanyaturu na Wanyiramba pamoja na marafiki zao, tumeanza kuchanga kando, kutoka mishahara yetu, bila mlima na bila ukurasa. Si fedha nyingi. Zitatumwa kwenye akaunti ya chombo cha watumia maji, si kwenye simu ya mtu, hata kama mtu huyo ni ndugu, na risiti zisomwe mbele ya mkutano wa kijiji. Nakuomba usiruhusu yeyote azitangaze kama zawadi ya mtoto wa fulani. Kijiji kikichangia nusu ya kipuri, kitajua bei yake, na mwaka ujao kitauliza kiko wapi.

Kabla ya hapo kuna jambo ambalo fedha haziwezi kulitangulia. Mwende ofisi ya RUWASA ya wilaya, mwombe fundi aje apime kisima. Pampu imelala miaka mingi. Hatujui kama maji bado yapo chini, na kwa kuwa maji ya ardhini ya mkoa wetu yana madini ya floraidi kwa wingi sehemu kadhaa, yapelekwe maabara pia. Meno ya watoto wa vijiji vya jirani umeyaona. Majibu yakiwa mabaya, tutaacha pampu ile na kuzungumza habari ya tangi la kuvunia mvua pale shuleni, na mchango huu huu utafaa.

Majibu yakiwa mazuri, niandikie kina cha kisima, na umtume kijana apige picha ya kichwa cha pampu kwa karibu, pale palipochapwa jina la aina yake, maana raba za pampu moja haziingii kwenye nyingine. Niambie pia ni nani sasa anayeshika ufunguo na nani anayeandika daftari. Mkutano mkuu wa kijiji wa robo hii unakaribia. Jambo hili lisomwe kabla ya mambo ya mipaka ya mashamba, watu wakiwa bado hawajachoka, na akina mama wakae mbele.

Nisalimie bibi, na wote wanaoniuliza.

Mpwa wako,
Leeds