Sehemu ya 9: Gari Likinuka Mpira Unaoungua, Usikimbilie Kutundika Pafyumu

Kina mama, na nyie kina baba mnaosoma kimyakimya, nawaona. Wiki iliyopita tuliongea homa ya usiku. Leo tunahamia kwenye gari, na msishangae nesi anaongelea magari. Harufu ya mpira kuungua ni dalili, na dalili ndiyo kazi yangu.

Mgonjwa akifika wodini hatuanzi na dawa. Tunauliza: ilianza lini? Inazidi wakati gani? Kuna kingine umekiona? Kwa gari ni hivyohivyo, na mama unaweza kuuliza maswali haya bila kujua kushika spana.

Gari letu ni la mtumba kutoka Japani, kama la wengi wenu. Mwaka jana likaanza kunuka. Asubuhi likiwashwa linapiga kelele "kwiii", halafu harufu. Ukiwasha AC inazidi. Ukikata usukani mpaka mwisho wakati wa kuegesha, inazidi tena. Fundi akasema feni belti imechoka, akaweka mpya, tukalipa. Baada ya wiki mbili harufu ikarudi, na safari hii taa ya betri ikawa inawaka na kuzima.

Baba watoto akasema belti ile ilikuwa feki, tununue nyingine. Nikamwambia hapana. Mgonjwa akimaliza dozi akarudi na homa ileile, humrudishii dozi ileile, unapima upya. Na siku mbili mbele tulikuwa na safari ya Iringa, na mtoto wa miezi 7.

Tukaenda kwa fundi mwingine, nikamsimulia yote kama ninavyokabidhi zamu. Akatoa belti, akazungusha kila puli kwa mkono, moja baada ya nyingine. Zote zikazunguka laini, isipokuwa ya alternata. Ile inakwaruza na kukwama. Beringi ilikuwa imekufa! Yaani belti ilikuwa inateleza juu ya puli iliyogoma, ikaungua kwa msuguano. Belti ilikuwa homa tu, ugonjwa wenyewe ulikuwa beringi. Ilipobadilishwa, pamoja na belti iliyokwisha kuungua, harufu ikaisha hadi leo.

Sasa fikiria tungeondoka hivyohivyo. Kwenye gari letu belti hiyohiyo ndiyo inazungusha pampu ya maji. Ikikatika, maji hayazunguki na injini inachemka. Hiyo itokee katikati ya mlima Kitonga, malori mbele na nyuma, mtoto mapajani. Acha tu.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia fundi, angalia harufu inakuja wakati gani:

Ikija na mlio wa "kwiii" ukiwasha gari au AC, anza kuwaza belti na puli zake. Mwambie fundi azizungushe zote, asibadilishe belti tu.

Ikija baada ya kushuka mlima mrefu, na ni kali inayochoma pua, hizo ni breki zimepata moto. Egesha, ziache zipoe zenyewe, usizimwagie maji. Mteremko ushuke kwa gia ndogo, hata kama gari ni otomatiki.

Ikija hata barabara tambarare na gari linaona uzito, kwanza angalia kama handibreki imebaki juu. Kama siyo, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Tairi moja likiwa la moto kuliko mengine, huenda breki yake imeng'ang'ania.

Ikija kwenye foleni ya kupanda, kwa gari la gia za mkono, ni klachi. Dereva aache kulishikilia gari kwa klachi.

Ikija ukikata kona au ukipita kwenye tuta, tairi linaweza kuwa linakwaruza sehemu ya bodi. Na wakati mwingine ni mfuko wa plastiki umenasa kwenye ekzosi, gari lenyewe halina shida.

Ikiwa ni kama plastiki inaungua na inatoka kwenye dashibodi, hizo ni nyaya. Hapo hakuna kusubiri. Simama, zima gari, watoto watoke kwanza, mizigo baadaye. Ukiona moshi kwenye boneti usiifungue, ukiingiza hewa moto unalipuka usoni. Kaeni mbali, piga 114, Zimamoto.

Nirudi kwenye kazi yangu. Mtoto mchanga hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika, mtu mzima 12 hadi 20. Kwa mwili wake mdogo, anavuta hewa chafu nyingi kuliko wewe. Na moshi wa ekzosi ukivuja na kuingia ndani una kaboni monoksidi, ambayo haina harufu kabisa. Mkiwa garini watu wakaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, au mtoto akalegea na kulala usingizi usio wa kawaida, msidhani ni uchovu wa safari. Simameni, tokeni nje kwenye hewa safi, nendeni hospitali, na mwambieni daktari kuwa mlikuwa ndani ya gari.

Kile kipafyumu cha kutundika kwenye kioo hakitibu kitu, kinaficha dalili. Na ukiambiwa "tukifika tutaangalia", sema kwa upole lakini sema: baba fulani, tusimame hapo mbele. Kusimama kunachukua dakika kumi.

Haya, kwenye comment niandikie gari lako linanuka wakati gani. Sehemu ya 10 ni mtoto anayetapika safarini. Mtumie na shoga yako mwenye gari.