Kioo Changu na Kilo za Mama Mjane

Kosa nitakalolieleza ni langu mwenyewe, wala sina wa kumsukumia. Lilianza na tamaa ndogo ya mpira.

Mimi ni karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kijijini kwetu. Ofisi ya chama inavuja, kwa hiyo hesabu nazifanyia nyumbani, katika chumba kilichokuwa stoo ya mahindi. Upana wake ni hatua tatu. Humo mna meza, kompyuta na king'amuzi, maana kazi ya usiku huchosha, na mtu hupenda kuinua macho aone taarifa ya habari. Kioo cha kompyuta kilipokufa, nikawaza: kwa nini nisinunue kimoja kikubwa, kikafanya kazi zote mbili?

Mke wangu akaniuliza, "Baba, unataka kioo cha hesabu au cha mpira?" Nikamjibu kwamba vyote ni vioo. Basi nikashuka mjini.

Muuzaji alinionyesha televisheni ya inchi 32 yenye herufi HD pembeni. Nikaitazama kutoka mlangoni mwa duka. Picha ilikuwa safi, hata majani ya uwanja yalionekana. Nikalipa. Laiti ningalisogea karibu! Dukani nalisimama mbali hatua nne, na nyumbani nakaa mbele ya kioo kwa urefu wa mkono tu.

Usiku wa kwanza mpira ulipendeza. Kesho yake nikafungua hesabu, nikaona tarakimu zimevimba na kingo zake zina ukungu. Nikadhani ni macho ya uzee. Nikaendelea hivyo wiki mbili, nikinakili kwa mkono kilo za kila mkulima katika orodha ya malipo.

Siku ya malipo alikuja mama mmoja mjane, jirani yetu wa bondeni. Alizipokea fedha, akazitazama, akatoa stakabadhi ya mizani iliyofungwa katika pindo la khanga. "Bwana Karani," akasema, "kahawa yangu ilikuwa kilo 86. Hapa nimelipwa 36. Hizo 50 zimeliwa na nani?"

Watu wote wakanyamaza. Nalitamani ardhi inimeze. Kijijini neno "karani" na neno "wizi" hukaa jirani sana, nanyi mwajua. Nikaifungua kompyuta mbele ya wanakamati. Kumbukumbu zilikuwa sahihi, 86. Ila katika kioo kile 8 yake ilikuwa na tumbo lililofumbuka, ukiitazama upesi utasema ni 3. Mama yule alilipwa jioni ile ile, lakini macho ya watu yalinifuata mpaka nyumbani.

Mpwa wangu, fundi wa kompyuta, ndiye aliyenifumbua. "Mjomba," akasema, "inchi ni kipimo cha kioo kutoka pembe hadi pembe. Hazikuambii kina vitone vingapi." Kumbe picha yote ni vitone vya nuru vilivyopangwa kwa mistari! Na picha hiyo ya HD ina daraja zake: moja ni vitone 1280 kwa upana na 720 kwa kimo, nyingine ni 1920 kwa 1080. Televisheni yangu ilikuwa na 1366 kwa 768. Kompyuta ilikuwa ikiipelekea picha ya 1920 kwa 1080, vitone zaidi ya milioni mbili, nayo ina nafasi ya milioni moja tu na kidogo. Basi ikavikamua na kuvichanganya. Nyuso za wachezaji hazidhuriki sana, lakini 8 ndogo huharibika.

Tena akachukua rula. Kitone kimoja cha kioo changu kilizidi nusu milimita. Kioo cha kompyuta cha inchi 24 chenye 1920 kwa 1080 kitone chake hakifiki milimita 0.28. Kwa mtu akaaye karibu, hiyo ndiyo tofauti ya kusoma na kubahatisha.

Nikamwuliza kama kioo cha kompyuta kitapokea televisheni, maana hakina mtambo wa kunasa stesheni. Akacheka. King'amuzi ndicho kinachonasa. Kioo kinangoja picha tu kwa waya wa HDMI. Ila akanionya nisinunue cha zamani mno, kwa sababu vingine havielewi ile kufuli ya siri, HDCP, inayofungwa katika picha kuzuia watu wasiinakili, na hapo utaona giza tupu. Tena vingi havina sauti, vinataka spika zake.

Televisheni nikamwuzia mwenye hoteli ya chai, kwa hasara. Kule watu hukaa mbali, na kila anayeingia huisifu. Mimi pia hunywa chai pale nikaisifu, japo inaniuma. Kwa fedha zile, na nyingine ambazo mke wangu alikuwa ameziwekea bati za jikoni (jambo hili bado tunalizungumza), nikanunua kile cha inchi 24, chenye matundu mawili ya HDMI: moja la kompyuta, la pili la king'amuzi. Watoto wanalalamika kuwa ni kidogo. Wakitaka mpira hujibana nyuma ya kiti changu, wanne, na mdogo hukaa juu ya meza.

Msimu uliofuata, kabla ya malipo, yule mama wa bondeni alikuja mwenyewe hadi chumbani, akasema anataka kuliona jina lake. Nikamfungulia. Akainama, akaifuata kwa kidole mistari ya kilo zake, mmoja mmoja, akizilinganisha na stakabadhi. Akafika mwisho, akaketi kitini pangu.

"Haya," akasema, "sasa niwekee taarifa ya habari."