Damu na Agano

Msomaji kijana, taifa ni nini? Je, ni damu moja, au ni ahadi moja? Sisi tukaao Isiolo hatuwezi kulipita swali hili. Darasani kwangu huketi Mborana, Msomali, Msamburu, Mturkana na Mmeru, watoto wa wazee ambao mara kwa mara wamemwaga damu kwa ajili ya maji na malisho. Habari za Wayahudi zaweza kutufaa katika kulijibu.

Biblia huanza habari zao kwa Ibrahimu, mfugaji aliyekaa hemani na kuhama na mifugo yake. Mtoto wa Isiolo hahitaji kufasiriwa maisha hayo. Nje ya Biblia, jina la Israeli laonekana katika jiwe la Farao Merneptah, lililochongwa yapata mwaka 1208 kabla ya Kristo na kufukuliwa mwaka 1896. Ajabu ni kwamba Farao alijisifu humo kuwa amekwisha kuwaangamiza!

Jina la Wayahudi latokana na Yuda, mwana wa Yakobo, ambalo baadaye lilikuwa jina la ufalme. Mwaka 586 kabla ya Kristo watu wa Babeli waliuteketeza Yerusalemu pamoja na hekalu lake, wakawachukua wengi utumwani. Mfalme hakuwapo tena, wala hekalu, wala nchi. Yalisalia maneno ya Torati, siku ya Sabato, na agano na Mungu mmoja. Wataalamu wengi huona kuwa ugenini humo ndimo imani yao ilimokomaa, kwa kuwa walijua kwamba Mungu wao hafungwi na mipaka ya nchi.

Wala mgeni hakufungiwa mlango. Ruthu alikuwa Mmoabi, lakini Biblia humtaja kuwa mama wa babu yake mfalme Daudi. Hata jirani zetu wa Mbale, Uganda, ni ushahidi. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, baada ya kuisoma Biblia alitahiriwa pamoja na wanawe, akaishika Torati. Wafuasi wake huitwa Abayudaya. Katika miaka ya 1970 Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Wengi waliiacha, wachache wakasali kwa siri. Mwaka 2002 marabi walifika wakawapokea rasmi mamia yao. Nasaba haikuwaleta, uaminifu uliwaleta.

Sisemi kuwa damu si kitu, maana Wayahudi wenyewe huheshimu sana ukoo. Nasema damu peke yake haitoshi kulishikilia taifa.

Soma habari za Isaka, mwana wa Ibrahimu. Wachungaji wa Gerari waligombania kisima chake cha kwanza, akawaachia; wakagombania cha pili, akawaachia; akachimba cha tatu, ugomvi ukakoma. Kisha mfalme wao, mtu wa damu nyingine, alimjia, wakala chakula pamoja na kuapiana amani. Kijana wa Isiolo, ukoo wako ulizaliwa ukaukuta. Agano na jirani yako hutalikuta tayari. Hapana budi mlifanye ninyi wenyewe.