Na Inafunza Nini?

Kuna swali moja ambalo kila mtu aliyewahi kutengeneza filamu fupi hapa Nairobi ameulizwa. Haliulizwi kwa ubaya. Unampa mtu simu aangalie kitu umekihangaikia miezi mitatu, anaangalia mpaka mwisho, anakurudishia simu yako, halafu anasema: "Iko poa. Lakini inafunza nini?"

Mimi hilo swali nimeamua kulikataa. Na nataka kueleza kwa nini, kwa sababu najua wengi wenu mko na klipu zimelala kwa simu, hamjaziunganisha, mnangoja kwanza mpate jibu lake.

Tulifunzwa kuliuliza tukiwa wadogo. Kama ulipitia tamasha la drama shuleni unajua vile hadithi zinaenda. Msichana anaacha shule, anaingia Nairobi, anapotea, anarudi nyumbani akilia, mzazi anasamehe, watu wote wanageukia majaji na kuimba. Ukija kwa fasihi ni mambo yale yale: dhamira, maudhui, maadili, alama ishirini. Tulisomeshwa kupekua hadithi vile mtu hupekua mchele akitafuta mawe. Ukipata jiwe, umepita mtihani. Mchele wenyewe hakuna mtu aliuliza uko aje.

Halafu unamaliza shule, unataka kutengeneza filamu, na pesa za kwanza unazoona ni za mradi. Mimba za mapema. Amani wakati wa uchaguzi. Dawa za kulevya. Usafi wa mikono. Sisemi ni vitu vibaya, na wasee wengi ninaowaheshimu walijifunza kushika kamera kwa kazi kama hizo. Lakini ukikaa ndani ya hiyo hewa miaka mingi unaanza kuamini kwamba maisha yako yanafaa kamera tu yakiwa na shida, na shida iwe na jina, na jina liwe na nambari ya simu ya bure mwisho wa vidio.

Mtu aliyenitoa hapo ni Wanuri Kahiu. Wengi mnamjua kwa Rafiki, ile ya 2018 iliyokuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuingia tamasha la Cannes huku hapa nyumbani imepigwa marufuku. Lakini kabla ya hiyo alitengeneza Pumzi, 2009, dakika ishirini na kidogo. Hiyo ndiyo nawaambia mtafute. Ni miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wanakusanya jasho lao na mkojo wao wausafishe wanywe, wanapiga mazoezi ili umeme uwake. Asha anafanya kazi kwa jumba la makumbusho. Analetewa udongo ambao hajui umetoka wapi, anapanda mbegu, na anaota mti. Na kuota hairuhusiwi. Ukiota, mashine inakuamuru umeze dawa ya kuzima ndoto.

Sasa unaweza kusema ujumbe ni mazingira, tupande miti. Sawa. Lakini mimi kitu kilichonikaa ni ile dawa. Mtu ameona kitu usingizini, uso wake umebadilika, na kabla hajajua ni nini amekiona anaambiwa ameza. Niliiangalia nikiwa kidato cha nne, na sikuwa nafikiria miti hata kidogo.

Baadaye Kahiu alikuja na neno lake, AfroBubbleGum, akalieleza kwa hotuba ya TED mwaka wa 2017. Hoja yake, kwa maneno yangu: Mwafrika ana haki ya sanaa ya raha, ya fujo, ya kufikirika tu, bila kila mara kubeba vita na umaskini na ugonjwa mgongoni. Watu wengine walicheka wakasema hizo ni anasa. Mimi nafikiri ni hoja nzito kuliko inavyosikika, kwa sababu ukimruhusu mtu kufurahi kwenye skrini umemruhusu pia kuhuzunika bila sababu ya mradi.

Lakini filamu ninayoipenda kuliko zote ni ya dakika saba hivi tu. Yellow Fever, ya Ng'endo Mukii, 2012. Aliitengeneza akiwa mwanafunzi London, pale Royal College of Art. Jina ni lile la wimbo wa Fela Kuti kuhusu kujichubua, na ndiyo, inahusu kujichubua. Mkorogo. Nyote mnajua mkorogo. Nyote mnamjua mtu ambaye uso wake umebadilika na vifundo vya vidole vimekataa.

Fikiria sasa vile filamu ya mradi ingefanya. Daktari angekaa mbele ya rafu ya vitabu akataja zebaki. Binti angeonyeshwa kabla na baada. Mwisho: penda ngozi yako. Mukii hafanyi hivyo. Anaanza na kumbukumbu ya msusi aliyejichubua. Anamwingiza mama yake mzazi. Anamwingiza mtoto mdogo wa familia yao anayeongea wazi kuhusu kutamani kuwa mweupe, kwa ile sauti ya mtoto ambayo haijajifunza kuficha. Anachanganya michoro, wachezaji densi, mikono inayosuka nywele. Na yeye mwenyewe hasimami pembeni kama mwalimu. Yuko ndani. Anaongea kama mtu aliyelelewa na hicho kitu, kwa hivyo hawezi kumnyooshea msusi kidole bila kujinyooshea.

Niliimaliza nikairudia mara mbili. Sikujifunza kwamba mkorogo ni mbaya, nilikuwa najua tangu darasa la sita. Kitu nilichopata ni kumkumbuka anti fulani niliyekuwa nikimcheka, na kukosa hamu ya kumcheka tena. Hiyo unaiweka wapi kwa karatasi ya mtihani?

Na isiwe mnafikiri nataka filamu za huzuni pekee. Soko Sonko ya Ekwa Msangi, 2014, ni kichekesho. Mama ni mgonjwa, baba analazimika kumpeleka binti yake sokoni akasukwe, na siku yenyewe ina mechi anayotaka kuona. Basi. Baba wa Kenya akipotea kati ya wasusi. Lakini ni mara ngapi umeona baba wa Kenya kwenye skrini akiwa hajui kitu, na bado anakaa hapo kwa sababu ya mtoto wake?

Mwaka jana nilitengeneza yangu. Dakika tano na sekunde arobaini. Shosho yangu amekaa nje ya jikoni kule Makueni, anatoa mbaazi kwa maganda. Mimi niko upande wa pili wa sufuria, simu imeegemea jerikeni ya maji. (Kwa Kikamba nyanya ni susu, lakini sisi wa Umoja kila nyanya ni shosho, hata awe wa Kisumu.) Shosho anaongea Kikamba. Kikamba changu kinaishia kwa salamu na majina ya vyakula. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha bei na hesabu na kukataa. Kwa hivyo mimi na yeye, watu wa damu moja, tuna kama maneno hamsini ya kugawana, na karibu nusu ni chakula.

Katikati ya filamu anaongea kwa dakika nzima. Anacheka, ananyamaza, anaendelea kwa sauti ya chini akiwa bado anatoa mbaazi. Mimi naitikia tu, "ii, ii," kama mtu anayeelewa. Mathe alinitafsiria baadaye, tukiwa Nairobi. Nusu ilikuwa mbuzi wa jirani walioingia shambani. Nusu ilikuwa kuhusu babu, wiki zake za mwisho. Mimi kwenye vidio sikujua ni wapi mbuzi wameishia na babu ameanza. Ukiangalia uso wangu unaona nimetabasamu mahali sikufaa kutabasamu.

Sikuweka tafsiri chini. Kwa makusudi. Mtu anayejua Kikamba anaona filamu ya mwanamke anayeomboleza mumewe mbele ya mjukuu aliyepotea. Asiyejua Kikamba anakaa pale nilipokaa mimi, na anaitikia "ii" pamoja na mimi.

Kuna shirika moja liliiona likaipenda. Silitaji. Walikuwa tayari kutoa elfu themanini niirekodi upya na sauti safi na kamera ya kukodi, ili waizungushe kwa shule. Sharti lilikuwa mbili: tafsiri iwekwe chini, na mwisho iwe kadi nyeusi yenye sentensi kuhusu vijana na kupotea kwa lugha za mama. Elfu themanini, wasee. Ni kodi ya miezi kadhaa. Niliwaza wiki nzima, na sitajifanya ilikuwa rahisi, kwa sababu msee wa sauti aliyenisaidia bado ananidai hadi leo na hana haraka lakini anakumbusha.

Nilikataa kwa sababu ya ile kadi. Kadi inamwambia mtazamaji apumue, hili ni suala, linajulikana, lina watu wanaolishughulikia. Shosho si suala. Alikuwa anatoa mbaazi. Na akishakuwa suala, mimi pia ninapona kirahisi. Ninakuwa "vijana wa siku hizi", na ile tabasamu yangu mahali pasipofaa inakuwa takwimu.

Najua kuna atakayeniuliza kuhusu Watu Wote. Haki. Ile ya 2017, iliyoteuliwa kwa Oscar, ilitengenezwa na wanafunzi wa chuo cha Hamburg pamoja na waigizaji wa hapa. Ni kisa cha kweli: Desemba 2015, basi likienda Mandera linashambuliwa na Al-Shabaab, na abiria Waislamu wanakataa kutenganishwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafa mwezi uliofuata. Filamu kama hiyo inabeba ujumbe hata usipotaka, na ni nzuri sana. Lakini angalia vile wameianza: mwanamke Mkristo kwa basi, aliyepoteza familia yake, hawezi hata kuwaangalia Waislamu waliokaa karibu naye. Hasemi. Anawachukia kimya kimya, na kamera inamwachia chuki yake bila kumkaripia. Bila hizo dakika za mwanzo, ile ya mwisho ingekuwa bango tu.

Kutokuwa na kadi nyeusi kuna gharama nyingine, na si ya pesa. Mwaka wa 2014 kundi la The Nest lilitengeneza Stories of Our Lives, filamu fupi tano kwa rangi nyeusi na nyeupe, zilizotokana na simulizi za Wakenya mashoga na wasagaji. Hazikuwa za kutetea hoja. Zilikuwa watu wakipendana, wakiogopa, wakifikiria kuhama. Zilionyeshwa Toronto. Hapa bodi ya filamu ilizikataa, na mtayarishaji wake akakamatwa akashtakiwa kwa kurekodi bila leseni, mashtaka ambayo baadaye yaliondolewa. Sheria iliyotumika, ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliandikwa kabla ya uhuru. Mnaweza kuwa na maoni yenu juu ya filamu zenyewe. Mimi naona tu kwamba kama zingekuwa vidio za daktari na rafu ya vitabu, pengine hakuna mtu angehangaika. Kilichowatisha ni nyuso, watu wakiwa wametulia na maisha yao.

Yangu ya mbaazi haijatisha mtu. Imeangaliwa na watu mia tatu na kitu, wengi wao ni wa ukoo. Lakini mwezi wa pili kuna msee wa Kariobangi, Mjaluo, aliniandikia kwamba hakuelewa neno hata moja, na usiku huo alimpigia dani wake simu. Wakakosa cha kusema. Wakakaa tu kwa laini, yeye akisikia redio ya upande ule, mpaka salio likaisha. Hakuniuliza inafunza nini.

Agosti narudi Makueni, mbaazi mbichi zikiwa tayari. Shosho ametuma maagizo kupitia kwa mathe. Anataka kuvaa leso ingine, kwa sababu ile ya mwaka jana ilikuwa ya jikoni. Anataka simu isiwekwe kwa jerikeni, maji yanahitajika. Na anasema mara hii nitoe mbaazi kweli, kwa sababu ameangalia hiyo filamu yangu yote akahesabu maganda niliyofungua, na hayakufika kumi.