Wastani Sahihi, Mama Hayumo

Ndugu zangu walipopanga ibada ya kutimiza mwaka mmoja tangu mama yetu alipofariki, mimi nilipewa kazi iliyoonekana nyepesi kuliko zote: kutafuta picha ya kuweka kwenye jalada la kijitabu cha ibada. Picha iliyofaa ilikuwa moja tu. Ilipigwa kwa simu mjini Musoma, mchana wa jua kali. Mama na mdogo wake anayeishi Butiama wamesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, na upande wa kulia ziwa linang'aa. Ukuta unaonekana mpaka nyufa zake. Kitenge cha mama, cha manjano, kinaonekana mpaka maua yake. Lakini nyuso zao ni vivuli viwili.

Binamu yangu anayeishi Bunda aliipeleka kwa kijana mmoja anayesafisha picha, akamwomba aing'arishe. Kijana alitii. Ikarudi picha ya mwanamke mweupe, kama aliyepakwa unga. Nilipoifikisha Butiama, mama mdogo aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu ni nani?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilifungua kompyuta.

Ninatumia programu iitwayo ImageMagick, ambayo John Cristy alianza kuitunga mwaka 1987, na tangu 1990 hutolewa bure. Unaweza kuitumia bila kitufe cha kubofya wala dirisha la kuvutia. Unaiandikia amri kwa maneno, nayo inatenda. Miongoni mwa kazi zake ni kuchora histogramu, yaani chati ya rangi za picha. Kila nukta ya picha ya kawaida ina kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, na kila kiasi hupimwa kwa ngazi 256, kuanzia 0, ambayo ni giza tupu, hadi 255. Programu huhesabu nukta zilizopo katika kila ngazi, kisha huchora nguzo: penye nukta nyingi nguzo hurefuka, penye chache hufupika.

Niliandika mstari mmoja tu:

magick mama.jpg histogram:chati.png

Chati ikatoka. Upande wa kulia ulisimama mlima: ukuta, anga na ziwa. Upande wa kushoto kulikuwa na kichuguu kilichobanwa kwenye ukingo wa giza. Katikati palikuwa na bonde karibu tupu. Mama yangu alikuwa ndani ya kile kichuguu.

Kisha nikaiamuru programu inipe wastani wa mwanga wa picha nzima. Ulikaribia 128, katikati kabisa ya kipimo. Nilitazama namba ile kwa muda mrefu. Simu haikukosea hesabu. Kamera inapojipimia mwanga yenyewe, kwa kawaida hutafuta wastani wa kijivu. Ukuta mweupe ulipoivuta juu, ilipunguza mwanga wote mpaka hesabu ikakaa sawa. Wastani ulikuwa sahihi, na mama hakuwamo.

Wasomaji wangu mtanisamehe nikisema kwamba hapo niliacha kuwaza picha, nikaanza kuwaza nchi. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia ilitutangaza kuwa nchi ya uchumi wa kati, daraja la chini. Kizingiti kilikuwa dola 1,036 kwa mtu kwa mwaka, nasi kwa hesabu za 2019 tulikuwa na dola 1,080. Tulishangilia, na sikatai kwamba kulikuwa na la kushangilia. Lakini hakuna mvuvi wa Musoma aliyeamka asubuhi ile akakuta dola 1,080 chini ya mto. Hata katika darasa langu, wastani wa alama 50 unaweza kutoka kwa wanafunzi wote waliopata 50, au kwa nusu waliopata 90 na nusu waliopata 10. Mwalimu anayesoma wastani peke yake hatajua kama ana darasa moja au mawili. Chati ingemwonyesha bonde lililo katikati.

Tena kuna swali la nani aliyeiweka hiyo katikati. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi ya Kodak iliyokuwa na sura ya mwanamke mweupe, wakaiita Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Filamu ilipokuja kuboreshwa ili ione vizuri rangi za kahawia, miongoni mwa waliokuwa wamelalamika ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Yaani kabati lilisikilizwa kabla ya shangazi zetu. Na mambo hayakuishia kwenye filamu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kutambua jinsia kwa kutazama uso: kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifikia asilimia 34.7. Watengenezaji wangeweza kujivunia wastani mzuri laiti wawili hao wasingeyagawa makundi.

Hata hivyo nisiisifu chati kupita kiasi. Chukua nukta zote za picha, uzichanganye kama karata, histogramu itabaki ile ile. Inajua idadi ya nukta za giza, haijui zipi ni shavu la mama na zipi ni kivuli cha mlango. Inatuonyesha kwamba kuna watu wamebanwa pembeni. Kujua ni akina nani, lazima umuulize aliyeishi nao.

Ndiyo maana asubuhi nilikaa na mama mdogo mbele ya kompyuta. Niliiamuru programu iinue sehemu ya giza zaidi ya sehemu ya mwanga, kidogo kidogo, naye akawa hakimu. "Bado." "Bado." "Hapo umezidisha, dada hakuwa hivyo." "Rudi nyuma kidogo." Tulipofika mahali fulani alinyamaza, akaweka kidole chini ya jicho la kushoto la mama, palipokuwa na kovu dogo ambalo mimi nilikuwa nimelisahau.

Bei yake ilikuwepo. Kitenge kilipauka, maua yake yakafifia, na ukuta ukapoteza nyufa. Binamu alipoiona alisikitikia kitenge, kwa sababu ndiye aliyemnunulia mama. Nilimwambia ukweli: kwa njia niliyoitumia, mwanga ule usingetosha vyote, tulilazimika kuchagua. Wanaopanga bajeti nao huchagua, hata wanapotusomea wastani kana kwamba hakuna aliyechagua. Sisi tulichagua uso, na tuliyemuuliza alikuwa mama mdogo.