Wageni wa Ukoo

Utotoni mwangu Kwedizinga, wazee wakitaja njaa walimaanisha ile ya miaka ya 1830, iliyowashusha Wazigua pwani kutafuta chakula. Wengi waliishia majahazini na kuuzwa Somalia. Ilikuwa hadithi ya waliopotea, hadi Somalia iliposambaratika mwaka 1991 na vitukuu wao wakaingia Tanga, wakapelekwa kambi ya Mkuyu, Handeni kwetu. Babu alikwenda kuwaona. Hakuuliza hati, aliuliza koo zao, tena kwa Kizigua, akajibiwa kwa Kizigua. Habari za Wanankhucha, mwanamke aliyewaongoza watumwa waliotoroka wakitaka kurudi Uzigua kwa miguu, wakaishia bonde la mto Juba, sisi tulizipata kwao.

Baadaye nikaenda kusoma Dar es Salaam. Kwenye mihadhara ya migogoro ya kimataifa, mkimbizi alikuwa mtu wa Ngara: watu wapatao 250,000 waliovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa siku moja hivi, Aprili 1994, mpaka wa Burundi uliofungwa mwaka uliofuata, kisha Sheria ya Wakimbizi ya 1998. Mzigo, usalama, kuni zilizokwisha. Kila msemaji alimalizia kwa njia zilezile tatu: warudi kwao, wabaki walipo, au wapelekwe nchi ya tatu. Niliwahi kuuliza kuhusu watu wa Mkuyu, maana kwao ndiko huku walikokimbilia. Nikaambiwa hiyo ni historia, tunazungumzia sera. (Ukumbi ulicheka, nami pia.)

Sera yenyewe ikaifuata historia. Mwaka 2003 watu wa Mkuyu walihamishiwa Chogo, humuhumu Handeni, wakapewa mashamba, na kufikia 2009 zaidi ya elfu moja walikuwa wameshapata uraia. Ndugu zao waliokimbilia Kenya hawakuwa na bahati hiyo. Tanzania, iliyokuwa imeelemewa na kambi za magharibi, haikuwachukua. Wakatolewa kambi ya Dadaab hadi ya Kakuma, kisha maelfu wakasafirishwa Marekani.

Siku hizi mihadhara imebadilika. Wasomi wanataja asili, kumbukumbu, koo. Mmoja nilimsikia akieleza safari ya Wanankhucha kana kwamba amelelewa Uzigua. Nikirudi Kwedizinga barazani, nakuta wanaongelea ekari, vitambulisho na mipaka ya vijiji, yaani mhadhara wangu wa zamani umehamia huko. Juzi mjomba aliniuliza, bila mzaha, kama wale wa Marekani nao wana haki ya shamba wakirudi. Nilimjibu kwamba sheria ya ardhi inataka uraia. Akasema hakuniuliza sheria.